Rafiki Akishika Kalamu

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Kwa kawaida methali hii hutumika kuonya juu ya adui aliye karibu. Mimi nimekuja kuona kwamba inawahusu pia wale wanaoandika maisha ya marafiki zao. Adui hajui ulilala saa ngapi, wala ulilia kwa sababu gani. Rafiki anajua. Siku akishika kalamu, umo mikononi mwake, na kama umekwisha kufa huna hata nafasi ya kukanusha.

Mawazo haya yalinijia nilipokuwa nikisoma kitabu cha A. Scott Berg kiitwacho Kate Remembered, kinachohusu maisha ya Katharine Hepburn, mwigizaji wa sinema wa Marekani. Nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Dar es Salaam, jalada lake limekunjika na kurasa zake zimeanza kugeuka rangi. Nilikinunua kwa sababu ya filamu moja tu, The African Queen, ambayo niliiona nikiwa msichana wa shule, ikionyeshwa usiku juu ya shuka jeupe lililofungwa baina ya miti miwili. Sikujua kwamba kitabu hicho kingenirudisha kwenye jambo langu mwenyewe. Nitalifikia jambo hilo. Kwanza, msomaji, tumtazame Hepburn.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1907 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Baba yake alikuwa daktari wa magonjwa ya njia ya mkojo. Mama yake alipigania haki ya wanawake kupiga kura, kisha akapigania uzazi wa mpango wakati ambapo sheria ya nchi ilikataza hata kutuma maelezo ya jambo hilo kwa posta. Kwa hiyo binti alilelewa katika nyumba ambamo mambo mengi yaliyokuwa mwiko kwa majirani yalizungumzwa mezani, mbele ya watoto. Lakini hata nyumba hiyo ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa. Mwaka 1921 kaka yake mkubwa, Tom, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alikutwa amekufa kwa kunyongwa na kitambaa katika nyumba ya rafiki wa familia huko New York. Aliyemkuta ni Kate. Alikuwa bado hajatimiza miaka 14.

Baada ya msiba ule familia haikupenda kulizungumza jambo hilo. Binti naye alifanya lake kimya kimya: aliichukua siku ya kuzaliwa ya kaka yake, tarehe 8 Novemba, akaifanya yake. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti viliandika kwamba Hepburn alizaliwa Novemba. Ukweli aliutoa yeye mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Me, kilichochapishwa mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 84. Hapo kuna funzo kwa yeyote anayependa historia. Tarehe ya kuzaliwa ndiyo habari nyepesi kuliko zote katika maisha ya mtu, nasi huiandika bila kufikiri. Kumbe hata hiyo inaweza kuwa kaburi la mtu mwingine.

Safari yake ya uigizaji inafahamika, nami sitaikalia sana. Alimaliza chuo cha Bryn Mawr mwaka 1928, akaingia jukwaani, kisha kwenye sinema, na filamu ya Morning Glory ya mwaka 1933 ikampatia tuzo yake ya kwanza ya Oscar. Miaka mitano baadaye wenye majumba ya sinema walimtaja hadharani miongoni mwa nyota waliokuwa sumu kwa biashara yao. Hakulia wala kusubiri kuhurumiwa. Mwaka 1939 alirudi jukwaani na tamthilia ya The Philadelphia Story, akahakikisha kwamba haki za kuitengenezea filamu ziko upande wake, na mwaka 1940 akarejea Hollywood kwa masharti yake mwenyewe. Alipokufa tarehe 29 Juni 2003, akiwa na umri wa miaka 96, alikuwa na Oscar 4 za uigizaji, idadi ambayo hakuna mwigizaji aliyekuwa ameifikia.

Lakini watu wengi hawakununua vitabu juu yake kwa sababu ya tuzo. Walitaka kujua habari za Spencer Tracy. Wawili hao walikutana mwaka 1941 walipokuwa wakitengeneza Woman of the Year, na kwa jumla walicheza pamoja katika filamu 9. Tracy alikuwa Mkatoliki mwenye mke na watoto wawili. Mwanawe, John, alizaliwa kiziwi, na mkewe, Louise, alianzisha kliniki ya kuwasaidia watoto viziwi na wazazi wao, yenye jina la mtoto huyo. Tracy hakumwacha Louise, na Hepburn hakuwa mke wake. Hata hivyo, alikuwa naye mpaka usiku wa tarehe 10 Juni 1967, Tracy alipoanguka na kufa, siku 17 tu baada ya kumaliza filamu yao ya mwisho. Kwa kumstahi mjane, Hepburn hakwenda mazishini.

Sasa tuje kwa marafiki wawili.

Wa kwanza ni Garson Kanin, mwandishi na mwongozaji wa michezo. Huyu hakuwa mtu wa pembeni. Yeye na Hepburn ndio waliosimama kuwa mashahidi Laurence Olivier na Vivien Leigh walipofunga ndoa huko California mwaka 1940. Yeye na mkewe, Ruth Gordon, ndio walioandika Adam's Rib na Pat and Mike, filamu mbili kati ya zile tisa. Alikula, alisafiri na kucheka na wapenzi hao kwa miaka mingi. Mwaka 1971, miaka minne baada ya kifo cha Tracy, alitoa kitabu alichokiita Tracy and Hepburn, na kwenye jalada akakitambulisha kuwa ni kumbukumbu za ndani. Kiliuzwa sana. Picha inayotawala humo ni ya wapendanao wawili wenye akili kali na utani mtamu, na ndiyo picha ambayo dunia imebaki nayo.

Hepburn alikasirika, na urafiki wao ukakatika kwa miaka mingi. Tusifikiri kwamba alikasirika kwa sababu Kanin alimsema vibaya, maana alimsifu. Kosa ni kwamba alisema. Hepburn alikuwa hai, Louise Tracy alikuwa hai, na watoto wa Tracy walikuwa hai. Jambo ambalo watu wengi wa Hollywood walilijua na kulinyamazia kwa miaka 26, rafiki alilipeleka sokoni bila kuomba ruhusa ya mwenyewe.

Wa pili ni huyu Berg. Alikutana na Hepburn mwaka 1983, alipotumwa na gazeti la Esquire kumhoji. Berg alikuwa kijana wa miaka 30 na kidogo, na mwenyeji wake alikuwa amepita miaka 75, akiuguza mguu ulioumizwa vibaya katika ajali ya gari. Mazungumzo yale yalizaa urafiki wa miaka 20, katika nyumba yake ya Manhattan na katika ile ya familia iliyo ufukweni Fenwick, Connecticut. Berg hakuwa mwandishi wa umbea. Mwaka 1999 alipata tuzo ya Pulitzer kwa kitabu chake juu ya rubani Charles Lindbergh. Maelezo ya Hepburn aliyaandika na kuyahifadhi, kwa makubaliano kwamba hayatachapishwa mama huyo akiwa hai. Kitabu kilitoka Julai 2003, hazijatimia wiki mbili tangu azikwe. Baadhi ya wahakiki waliona haya kwa niaba yake. Walisema mwandishi amejiweka mno ndani ya kitabu, na kwamba haraka ile haikuwa na adabu.

Nami nilikisoma kwa mashaka hayo. Nilichoka mahali ambapo orodha ya wageni wa chakula cha jioni inakuwa ndefu kuliko chakula chenyewe. Kisha nikafika mahali ambapo Hepburn anamsimulia Berg kwamba usiku mmoja, hotelini, alipokuwa akihangaika kumlaza Tracy aliyekuwa amelewa chakari, Tracy alimpiga. Hilo halimo katika simulizi tamu za Kanin. Na yeye mwenyewe, alipoandika Me, aliandika kurasa nyingi juu ya mapenzi yake kwa Tracy, jinsi alivyoyaacha mapendeleo yake ili mzee yule astarehe, kofi hakuliandika. Alimwambia rafiki, akijua kwamba rafiki huyo ni mwandishi, na kwamba ipo siku ataandika.

Nilikifunga kitabu nikakaa.

Ili uone jinsi jambo moja kama hilo linavyoweza kubadili mengine, chukua habari za The African Queen. Filamu ile ilipigwa mwaka 1951 katika Kongo ya Wabelgiji na Uganda. Mwongozaji wake, John Huston, aliipeleka kambi mahali paitwapo Biondo, kando ya mto Ruiki unaoingia Lualaba, kusini ya Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Baadaye wakahamia Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Humphrey Bogart alikuja na mkewe, Lauren Bacall. Palikuwa na joto, mvua na mbu, na siafu waliovamia kambi. Hepburn aliugua tumbo la kuhara vibaya, hata wakati wa kupiga picha za kanisani, akiwa amekaa kwenye kinanda, iliwekwa ndoo karibu naye kwa ajili ya kutapikia. Huston na Bogart hawakuugua, nao walipenda kusema kwamba kilichowaokoa ni wiski. Hepburn alikuwa akiwasema kwa ulevi wao na akinywa maji mengi ili wapate mfano mwema. Maji yale ndiyo yaliyokuwa machafu.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na kila mara watu hucheka. Hepburn mwenyewe alikicheka katika kitabu kizima alichokiandika mwaka 1987 juu ya safari ile. Huston alikuwa na kumbukumbu zake, na Bacall zake. Mwandishi Peter Viertel, aliyekuwa akisaidia mchezo, aliigeuza safari hiyo kuwa riwaya mwaka 1953, yenye mwongozaji anayemsaka tembo kuliko anavyoijali filamu yake. Lakini baada ya kumsoma Berg, mimi siwezi tena kukicheka kisa kile kwa namna ile ile. Mwanamke aliyekuwa akiwahubiria wanaume wawili juu ya chupa katikati ya msitu alikuwa na mwanaume mwingine ng'ambo ya bahari aliyekuwa akiuawa polepole na chupa. Hiyo ni tafsiri yangu. Berg hawajibiki nayo. Ila bila Berg nisingeweza kuifikia.

Nasi wa upande huu tuna sababu yetu ya kujua kwamba hadithi tamu hupunguza. Riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, iliyozaa filamu ile, ilichipuka kutokana na vita halisi vya Ziwa Tanganyika. Waingereza walizisafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwa meli, kwa reli na kwa kuzikokota nchi kavu mpaka ziwani. Desemba 1915 waliiteka Kingani, boti ya Wajerumani, na Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Ile meli kubwa, Graf von Götzen, hakuna shujaa aliyeilipua kama ilivyo kwenye sinema. Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na Kigoma Julai 1916, wakiwa wamezipaka mitambo yake mafuta mengi ili isiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu wa Kigoma walipanda kwa miongo mingi meli ambayo sinema iliiua. Na wale waliokata miti na kuvuta kamba ili Mimi na Toutou zivuke milima, kama wale waliovuta mashua za Huston kule Ruiki, hawakupata rafiki mwenye kalamu. Nimepitia vitabu vinne vinavyoizungumzia filamu ile, na watu wa vijiji vile hupita humo kama mandhari. Kitabu cha rafiki huona karibu sana, lakini humwona mmoja.

Baada ya Berg walikuja waandishi ambao hawakuwa marafiki. William J. Mann, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alidai kwamba hadithi ya mapenzi ya Tracy na Hepburn ilisuguliwa ikang'aa kuliko ilivyokuwa, na kwamba Hepburn mwenyewe alikuwa fundi hodari wa kuisugua. James Curtis, aliyechapisha maisha ya Tracy mwaka 2011, alitumia kumbukumbu za familia ya Tracy na hakukubaliana na Mann katika mengi. Hao wana faida ya umbali: wanapima barua, mikataba na tarehe. Hata kisa cha siku Hepburn na Tracy walipokutana, Hepburn alipojiona mrefu mno kwa bwana huyo na kujibiwa kwamba atapunguzwa, wanatuonyesha kwamba kimesimuliwa kwa namna nyingi. Wengine husema aliyejibu ni Tracy, wengine husema ni Joseph Mankiewicz, mtayarishaji wa filamu. Rafiki husimulia kama aliyesikia, na pengine hakuwepo. Lakini hakuna hati yoyote ambayo ingetuambia juu ya usiku ule wa hotelini. Hilo lilihitaji sikio la rafiki.

Sasa jambo langu.

Nilikuwa na mwalimu mwenzangu. Tulifundisha shule moja kwa miaka 22, madarasa yetu yakitenganishwa na ukuta mmoja. Jioni moja alikuja kwangu amejifunika kanga mpaka usoni. Akasema ameanguka kisimani. Nikampa maji ya moto na chumvi, nikanyamaza, na alipomaliza kujikanda akasema, "Sikuanguka, mwalimu." Akanieleza. Haikuwa mara ya kwanza. Alipokuwa akiondoka alishika kizingiti akaniambia, "Usimwambie mtu nikiwa hai."

Mumewe alitangulia kufa. Yeye alifuata mwaka 2011. Watoto wakaniomba niandike wasifu wa marehemu, usomwe kabla ya kwenda makaburini. Kila aliyewahi kuhudhuria msiba kwetu anajua wasifu huo unavyokuwa: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliolewa, alijaliwa watoto, aliugua, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Niliandika hivyo. Na mahali pa ndoa niliandika kwamba aliishi na mumewe kwa upendo na amani. Hakuna aliyenilazimisha. Ni sentensi ambayo huja yenyewe, kama "asante" baada ya chakula. Niliisoma kwa sauti mbele ya jeneza, na watu wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Miaka sita baadaye binti yake wa mwisho alinijia. Alikuwa ameolewa, ana mtoto mgongoni, na alikuwa amejifunika kanga kwa namna ninayoifahamu. Alikaa kwenye kiti kile kile. Akaniuliza, "Mama, hivi mama yangu alifanyaje hata akaishi na baba kwa amani vile? Mimi nakosea wapi?"

Sitasema sana juu ya nilivyojisikia. Alikuwa mtoto mdogo wakati wa mambo yale, na kaka zake walikuwa wamemficha. Sentensi yangu ilikuwa imemfanya aamini kwamba yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wao, na kwamba kasoro ni yake. Nilimweleza yote usiku ule: kanga, kisima, maji ya chumvi. Alilia, kisha akaniuliza mambo ambayo mtu huuliza akiwa ameanza kufikiri: lini, mara ngapi, na je, mama aliwahi kutaka kuondoka. Nilimjibu niliyoyajua, na pale nisipojua nikamwambia sijui.

Ndiyo maana siwezi kumhukumu Berg kama walivyomhukumu wahakiki wake. Haraka yake siipendi hata sasa, na kitabu chake kingekuwa bora kama angesogea pembeni mara kwa mara. Lakini alipewa neno na mwenye neno, akangoja mpaka mwenye neno akafa, kisha akalitoa likiwa na jina la aliyelisema. Kanin hakungoja, ingawa aliandika matamu. Mimi nilingoja, na wakati wa kusema ulipofika nikaandika matamu vilevile.

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, baada ya kukutana naye kabla hajafariki mwaka 1950, aliuandika ili wasomaji wapate mfano wa mwanamke aliyetoka katika umaskini akapanda kwa juhudi na kipaji. Tumeurithi mtindo huo wa kumwandika mtu ili aigwe, nao ni mtindo wa heshima. Siombi uachwe. Ila nimejifunza kwamba anayeigwa bila majeraha yake huwaacha wanaomwiga wakishangaa majeraha yao yametoka wapi.

Tangu wakati ule nimeandika wasifu wa marehemu mara tatu. Si kila jambo nililolijua nililisoma mbele ya watu. Msiba si mahakama, na wenye kuumizwa bado wamo katika hadhara. Lakini sijaandika tena sentensi niliyojua kuwa ni ya uongo. Pale ambapo siwezi kusema, naacha nafasi. Na nyumbani ninalo daftari ambamo nimeandika yale niliyoambiwa, nani aliniambia, na mwaka gani. Binti wa rafiki yangu anajua lilipo.